Kwa nini timu ya zamani hulipwa straika wake anapouzwa Ulaya?

Januari 2020 Aston Villa ilimnunua Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji. Muuzaji alikuwa Genk, lakini kwa kanuni za FIFA ada ile haikuwa ya Genk peke yake. African Lyon, Simba na TP Mazembe, alikopita kabla ya kufika Ulaya, zilikuwa na haki ya kipande chake, ingawa Samatta alishafikisha miaka 27 na Simba aliiacha tangu 2011.

Kipande hicho ndicho mgao wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, mnunuzi hukata asilimia 5 ya ada, na fedha hiyo hugawanywa kwa timu zote zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka anaotimiza 23. Miaka minne ya mwanzo, 12 hadi 15, kila mmoja una thamani ya asilimia 0.25 ya ada yote. Miaka minane inayofuata ni asilimia 0.5 kila mmoja. Jumlisha: 1 na 4, ni 5. Timu aliyokaa nusu mwaka inalipwa nusu, maana hesabu huenda kwa siku alizosajiliwa.

Tuseme kinda amecheza timu ya mtaa kuanzia 12 hadi 15, timu ya ligi kuu nyumbani 16 hadi 18, Kongo 19 hadi 21, kisha Ubelgiji. Akiuzwa kwa euro milioni 10, timu ya mtaa inadai euro 100,000, ya ligi kuu 150,000, ya Kongo 150,000, na Wabelgiji wanapata 100,000 juu ya asilimia 95 ya ada iliyobaki kwao. Akiuzwa tena akiwa na miaka 29, hesabu inarudiwa upya. Hata akikopeshwa kwa ada, mgao unakatwa.

Watu huuchanganya mgao huu na fidia ya mafunzo, ambayo ni mfuko mwingine kabisa. Fidia hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na kila anapohamia nchi nyingine mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza 23. Haitazami ada, inatazama daraja la timu mpya, yaani kundi ililopangiwa kwa ukubwa wa gharama zake za kulea vijana, si daraja la ligi. Barani Ulaya, timu ya daraja la kwanza huhesabiwa euro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi, la pili 60,000, la tatu 30,000. Miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa bei ya daraja la nne, euro 10,000, na malezi yanahesabiwa mwisho miaka 21. Kwa hiyo timu iliyomlea kijana kuanzia 16 hadi 18, naye akasaini mkataba wake wa kwanza kwa timu ya daraja la pili Ulaya, inadai euro 180,000 hata kama ada ya uhamisho ni sifuri. Timu mpya ikiwa ya daraja la nne, hakuna fidia.

Tofauti hii ndiyo inayoziumiza timu nyingi. Straika wa miaka 25 akiondoka akiwa mchezaji huru, hakuna ada ya kukata mgao, na fidia ilishakufa. Na kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi mkataba unaozidi miaka mitatu, kwa hiyo ukimsainisha akiwa na 17, akifika 20 anaweza kujiondokea.

Fedha nyingi hupotelea kwenye makaratasi, si uwanjani. Mtoto aliyecheza ndondo miaka mitatu bila kusajiliwa kwenye mfumo wa shirikisho, kwa FIFA miaka hiyo haipo. Akademi isiyo mwanachama wa shirikisho haina pa kudaia. Halafu kuna kukata umri: mtoto wa miaka 13 akiandikwa 11, mwaka huo haulipwi hata senti, kwa sababu hesabu huanza 12. Huku nyuma, ile miaka miwili iliyorudishwa inaangukia timu ya Ulaya mchezaji akiwa na 22 na 23 ya kwenye karatasi. Aliyekata umri ameihamisha fedha yake mwenyewe.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris. Uhamisho ukionekana kwenye mfumo wa FIFA wa uhamisho, hutengenezwa pasi ya kielektroniki ya mchezaji yenye orodha ya timu zake, na ya awali huwekwa wazi kwa siku 10. Timu isiyojiona kwenye orodha inatakiwa iombe kuingizwa ndani ya siku hizo kupitia shirikisho lake, ikiwa na kadi za usajili zenye tarehe ya kuanza na ya kuondoka. Hata ikiingizwa, bado itakaguliwa: wamiliki ni nani, na akaunti ya benki ni ya klabu au ya mwenyekiti.