Gari la kifahari lililotumika: dhana potofu na ukweli wake

"Bei imeshuka, basi hata matunzo yatakuwa nafuu."
Iliyoshuka ni bei ya gari, si ya spea. Mercedes-Benz S-Class ya miaka 12 unaweza kuipata kwa bei ya gari dogo jipya, lakini shokapu yake bado ni ya S-Class. Na saa za fundi hazipungui gari likizeeka. Mara nyingi huongezeka, maana bolti zimeshika kutu na soketi za plastiki hukatika zikiguswa tu.

"Kilomita chache, gari zima."
Hapa ndipo wengi huumia. Vingi vinavyokufa kwenye magari haya ni raba na plastiki, navyo huzeeshwa na miaka na joto hata gari likikaa limeegeshwa. Chukua injini ya BMW N52. Gasketi ya nyumba ya chujio la oili hukauka, ikaanza kuvuja taratibu juu ya mkanda. Mkanda ukilowa oili hulainika, huruka, na vipande vyake vinaweza kuvutwa nyuma ya puli ya krenki hadi kwenye sili ya mbele. Gasketi ya bei ndogo imekuletea kazi ya kufungua injini.

Pampu ya maji ya injini hiyohiyo ni ya umeme. Mara nyingi haivuji wala kulia kabla ya kufa: unaona taa ya joto imewaka, na hapo uzime gari papo hapo. Ibadilishe pamoja na themostati, na usirudishe bolti zake tatu za zamani. Ni za aluminiamu, zikishakazwa mara moja kazi yake imekwisha.

"Oili ya giaboksi ni ya maisha yote."
Maisha ya nani? ZF, anayetengeneza giaboksi za BMW nyingi, anashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ifikapo miaka 8. Kwenye giaboksi zake nyingi za gia 6 na 8, sampu (bakuli la oili la chini) ni ya plastiki na chujio limejengwa humo ndani, kwa hiyo unabadilisha sampu nzima na bolti zake. Kosa la kawaida ni kupima kiwango injini ikiwa imezimwa. Injini inatakiwa iwe inaunguruma, gari limelala sawa, oili ikiwa na nyuzijoto kati ya 30 na 50, ndipo unajaza mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia. Ukipima ikiwa ya moto mno, imeshatanuka. Itachuruzika mapema na giaboksi itabaki na upungufu.

Wanaosema oili mpya iliua giaboksi, mara nyingi waliibadilisha baada ya gia kuanza kuteleza. Klachi zilizoungua hazifufuliwi na oili.

"Gari la saspensheni ya hewa likilala, kompresa imekufa."
Huenda imekufa kweli, lakini jiulize imeuawa na nini. Kwa kawaida raba ya baluni ya hewa, inayobeba gari badala ya springi, hupasuka kwenye mikunjo, hewa ikavuja kidogokidogo, na kompresa ikafanya kazi kupita kiasi hadi ikaungua. Ukifunga kompresa mpya bila kuziba uvujaji, nayo utaizika.

Egesha gari mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, kisha uache usiku kucha na upime tena. Pembe moja ikishuka, anza na baluni yake na kiungio cha bomba: nyunyiza maji ya sabuni utafute mapovu. Ukibadilisha kompresa, badilisha na relei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), kwani ikigandana huiacha kompresa ikizunguka bila kukoma. Na usiingie uvunguni kwa kutegemea hewa au jeki peke yake, weka stendi.

"Hakuna taa iliyowaka, gari safi."
Kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi ikigundua tatizo, hufutwa kwa dakika moja. Ukichomeka mashine ya kuzisoma, usisome kodi tu. Angalia kama vipimo vya ndani, ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe, vimekamilika. Vingi vikionyesha bado, kuna uwezekano kodi zimefutwa karibuni au betri ilichomolewa.

Ukifika kuliona gari, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, maana mlio wa cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti) iliyochoka husikika zaidi injini baridi ikiwashwa, katika sekunde 2 au 3 za mwanzo. Kwenye diseli ya BMW N47 cheni hiyo iko nyuma, upande wa giaboksi, ndiyo maana kazi yake ni ghali. Mercedes zenye injini M272 za mwanzoni (2004 hadi 2006) zina gia laini inayolika meno kwenye shafti ya mizani (ya kupunguza mtetemo wa injini), na kuibadilisha ni kushusha injini. Kodi za mkao wa kamshafti kwenye injini hiyo usizipuuze.

"Lexus haina gharama."
Injini zake ni ngumu, hilo halina ubishi. Lakini LS 460 hula bushi za mikono ya mbele, na mara nyingi unalazimika kununua mkono mzima, tena iko kadhaa kila upande.

"Betri ni betri."
BMW nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zinataka betri mpya isajiliwe kwa mashine, yaani kompyuta ya gari iambiwe kuwa betri imebadilishwa. Usipoisajili, gari litaendelea kuichaji kama ile kuukuu.