Kabla ya kuchagua masomo ya mtihani wa Bodi, hesabu saa zako

Swali ninaloulizwa zaidi na wahasibu wa hapa Dodoma wanaojiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ni hili: "Mwalimu, nisome saa ngapi kwa siku?" Mara nyingi anayeuliza ameshajisajili kwa masomo manne na ada ameshalipa. Sasa anahangaika kutafuta muda wa kuyasoma yote. Huko ni kuanzia mwisho. Tazama kwanza una saa ngapi mpaka siku ya mtihani, ndipo uamue utafanya masomo mangapi.

Kwa uzoefu wetu wa kuandaa watahiniwa, mtu mwenye ajira anahitaji kati ya saa 80 na 100 kwa somo moja la ngazi ya kati. Ngazi ya mwisho inadai zaidi, hasa somo la taarifa za fedha za makampuni, ambako viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha (IFRS) ni vingi na swali moja linaweza kugusa vitatu kwa pamoja. Kiasi hicho kisikutishe. Waendeshaji wa mtihani wa CFA, unaofanywa na wachambuzi wa uwekezaji duniani kote, huwashauri watahiniwa watenge takriban saa 300 kwa kila ngazi. Mitihani ya kitaaluma ndivyo ilivyo popote.

Mitihani ya Bodi hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na kwa mhasibu wa serikali miezi hiyo yote miwili inaangukia pabaya. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na hesabu za taasisi zinatakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kabla Septemba haijaisha. Kwa hiyo Julai hadi Septemba, miezi ambayo mtahiniwa wa Novemba angesoma kwa utulivu, ndiyo miezi ya kurudi nyumbani usiku kutoka Mtumba, kwenye ofisi za wizara. Anayelenga Mei naye anakutana na maandalizi ya bajeti, hoja za ukaguzi, kisha Bunge la Bajeti linaanza Aprili na wizara nzima inakuwa mguu sawa. Nalisema hili kwa sababu ratiba nyingi za kujisomea zimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, na mhasibu wa halmashauri akizifuata huishia kujiona mvivu kumbe tatizo ni ratiba.

Tufanye hesabu ya mtahiniwa wa Novemba anayeanza katikati ya Julai. Ana wiki 16. Jioni nne kwa wiki anasoma saa moja na nusu, jumla saa 6. Jumamosi asubuhi anaweka saa 4, na Jumapili baada ya ibada saa 3. Hizo ni saa 13 kwa wiki. Wiki 16 zingempa saa 208, lakini mtu mzima ana misiba, ana safari za kikazi na watoto wanaougua. Ondoa wiki 3 kabisa, usizihesabu. Zinabaki wiki 13, sawa na saa 169. Hapo kuna masomo mawili ya ngazi ya kati. Ukilazimisha manne, kila somo linapata saa 42, na hapo ni kwenda kubahatisha. Bora mawili Novemba na mawili Mei. Najua mwajiri anasubiri cheti na wengine wamesimamishiwa kupanda cheo kwa ajili hiyo, lakini masomo manne yaliyosomwa nusunusu hayamharakishi mtu.

Kuna muda mwingine unaopotea bila mtu kuuona. Matokeo ya Mei kwa kawaida hutoka Julai, na ya Novemba hutoka Januari. Wengi hukaa wiki zote hizo wakisubiri kwanza wajue wamefaulu lipi. Kama kuna somo ambalo hukulifanya kabisa, lianze Juni. Matokeo hayatabadilisha chochote kuhusu somo hilo.

Sasa tuje kwenye jambo ninaloliona zito kuliko wingi wa saa, nalo ni unachofanya ndani ya saa hizo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Kisha wengine waliirudia kuisoma, na wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojipima walikuwa na 56. Mtihani wa Bodi haufanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari.

Darasani naliona hili kila msimu. Naandika ubaoni bidhaa iliyouzwa shilingi 1,180,000, bei ikiwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Nikikokotoa mwenyewe, kila mtu anaitikia kwa kichwa. Nikifuta ubao na kuwaambia wafanye peke yao kwa bei nyingine, wapo wanaochukua asilimia 18 ya bei yote. Kwa mfano wa kwanza wangepata shilingi 212,400, wakati kodi iliyomo ni 180,000, maana bei hiyo ni asilimia 118 ya bei isiyo na kodi. Wameelewa maelezo yangu, ila mkono wao haujawahi kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana nasisitiza nusu ya saa zako ziende kwenye kufanya maswali ya mitihani iliyopita, kitabu kikiwa kimefungwa, kisha usahihishe kwa ukali kama vile karatasi ni ya mtu mwingine.

Fanya hivyo ukiitazama saa. Pepa ya saa tatu yenye alama 100 inakupa dakika 1.8 kwa alama moja, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, hamia swali linalofuata hata kama mizania haijalingana. Alama ya kwanza ya swali jipya ni rahisi kuipata kuliko ya mwisho ya swali lililokukwamisha. Kuanzia Septemba, Jumamosi moja kati ya mbili fanya pepa nzima kwa mpigo, kwa kalamu. Sisi tunaoshinda kwenye kompyuta na mifumo kama MUSE, ule wa malipo ya serikali, mkono umesahau kuandika saa tatu mfululizo.

Wanaofanya kodi wawe makini na jambo moja. Bajeti inasomwa hapa bungeni Juni, na Sheria ya Fedha huanza kutumika Julai 1. Angalia mwongozo wa Bodi ujue mtihani wako unafuata sheria ya mwaka upi kabla hujakariri viwango kutoka kwenye daftari la aliyekutangulia.

Na likizo yako ya siku 28 usiimalize Desemba kijijini. Ratiba ya likizo inapopita ofisini, omba wiki mbili za mwisho wa Oktoba, na mweleze mkuu wako wa kitengo sababu mapema, wakati hesabu za mwaka bado hazijaanza kumkaba.