Kompyuta ya mezani inachemka ikiwa imelala? Basi haijalala

Swali linalotufikia sana sisi wa kitengo cha kompyuta hapa chuoni ni hili: jioni nimeiacha mashine kwa slipu, asubuhi nakuta boksi ni moto kama pasi, sasa ninunue feni mpya? Hapana ndugu yangu, usinunue kitu bado, maana feni mara nyingi haina kosa hapo.

Slipu ya kweli, ile mafundi wanaiita S3, inakata umeme wa prosesa (ubongo wa mashine) kabisa, diski inasimama, feni zinazima, kinachobaki na umeme ni RAM inayoshika kazi zako pamoja na kisehemu cha madabodi (ile bodi kuu ndani ya boksi) kinachongoja uguse kibodi. Mashine nzima hapo inakula wati chache tu, mara nyingi haizidi 5, na wati 5 haziwezi kuchemsha boksi la chuma hata huku Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwezi wa kwanza joto likipita nyuzi 30. Kwa hiyo ukishika ukakuta moto, jua kuna kitu ndani kinafanya kazi, swali ni nani amekiamsha au nani amekikataza kulala.

Ila subiri kidogo kabla hujaanza kuhangaika. Ukibonyeza slipu sa hivi feni zinasimama palepale lakini ile hitisinki, kipande cha chuma kinachopoza prosesa, bado ina joto la kazi ya mchana, halina pa kwenda, linapanda juu, kwa hiyo dakika 20 za kwanza boksi kuwa na vuguvugu ni kawaida. Rudi baada ya saa moja, weka mkono nyuma pale pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) inapotolea hewa. Hewa ya moto ikitoka, au ukisikia diski inatetemeka kwa ndani, hiyo mashine iko macho. Angalia pia taa ya mbele, nyingi zikilala zinawaka na kuzima polepole au zinabadili rangi, ikiwaka vilevile kama mchana hakuna usingizi hapo.

Wengi wetu tunadanganywa na skrini. Monita imekuwa nyeusi tunasema imelala, kumbe ni monita tu iliyozima, lile boksi linaendelea kula wati 50, 60, usiku kucha. Piga hesabu mwenyewe, wati 60 kwa saa 12 ni karibu yuniti 0.7 za Yaka, ule umeme wa kulipia kwanza, kila usiku, na hapo hujachapa hata barua moja.

Sasa kuna hili ambalo naliona kwenye ofisi nyingi na linanikera kweli. Saa kumi na moja jioni katibu anabonyeza slipu, anachukua kava ya nailoni au kile kitambaa kizuri cha kufuma, anafunika boksi lote mpaka chini ili vumbi jekundu lisiingie, anafunga madirisha kwa sababu ya wezi, anaenda zake. Nia ni nzuri kabisa. Lakini saa nane usiku Windows inajiamsha yenyewe kufanya apdeti, feni zinaanza kuvuta hewa, hewa yenyewe ni ileile moto iliyonaswa ndani ya kava, prosesa inapanda, feni zinazidi kukimbia, na apdeti ikikwama mashine inabaki hivyo mpaka asubuhi. Prosesa ina akili ya kujipunguza kasi na hata kujizima ikikaribia nyuzi 100, lakini diski na zile kapasita (vipande vinavyotunza umeme) za jirani hazina ulinzi huo, zenyewe zinazeeka tu kimyakimya. Kwa hiyo kava ni ya mashine iliyozimwa kabisa, ya slipu iache wazi.

Kumjua anayeiamsha si kazi ngumu. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd, ifungue kama administreta, halafu andika powercfg /lastwake, itakuambia nani aliiamsha mara ya mwisho. Ukiandika powercfg /waketimers unaona programu zilizotega saa za kuamsha, na powercfg /requests inaonyesha nani sa hivi anakataza usingizi, labda kivinjari kimeachwa na muziki, labda kuna faili mtu wa chumba cha pili amelifungua kupitia netwaki. Ukikuta kitu chini ya AWAYMODE, huyo ndo mwongo mkubwa, anazima skrini na sauti uone kama imelala huku kazi inaendelea. Mwingine ni kadi ya netwaki, na mwingine mausi, lori likipita barabarani meza ikatikisika mausi inahesabu umeisogeza. Hao wawili unawanyima ruhusa ya kuamsha kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, na saa zilizotegwa unazizima kwenye mipangilio ya pawa, sehemu ya Sleep. Ukikuta programu usiyoijua inatumia prosesa sana, na flashi za watu zinaingia kila siku kwenye mashine hiyo, skani virusi kabla ya yote.

Zile desktop kuukuu tunazonunua mitumba zina lao. Ndani ya BIOS, ile programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows, sehemu ya pawa, unaweza kukuta slipu imewekwa S1, na hiyo S1 prosesa inasimamishwa tu bila kukatiwa umeme, lazima kuwe na joto. Ibadilishe iwe S3. Halafu powercfg /a itakuambia mashine yako inakubali slipu za aina gani, ukiona imeandika S0 Low Power Idle hiyo ni slipu ya kisasa inayoweza kuruhusu netwaki kuendelea, na draiva (programu inayoendesha kifaa) moja mbovu inatosha kuikosesha usingizi.

Mbaya kuliko zote ni feni zimesimama kabisa halafu ndani kunachemka. Hapo usianze kuandika komandi, chomoa waya ukutani. Kama joto liko kwenye pawa saplai au kuna harufu ya plastiki kuungua, usiifungue pawa saplai yenyewe, kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa, mpe fundi. Kama joto liko kwa madabodi au kadi ya picha, mara nyingi ni BIOS au draiva iliyoshindwa kumaliza kulala, na dawa ni apdeti.

Mi mwenyewe kwa ofisi nashauri haibaneti badala ya slipu. Kazi zako zinaandikwa kwenye diski, mashine inazima, stima ikikatika usiku hakuna kinachopotea, na kava unaweza kufunika ukitaka, mradi zile saa za kuamsha umezizima. Kama kwenye menyu haionekani, andika powercfg /h on halafu uiwashe kwenye mipangilio ya batani za pawa.

Hiyo apdeti ya BIOS nayo fanya mchana ukiwa na UPS (betri ya akiba) iliyojaa chaji, maana umeme ukikatika katikati madabodi inaweza isiwake tena, na siku ambayo stima inakuja na kuondoka, ahirisha tu.