New Haven ilipofungwa: je, bunduki inaweza kuwa yatima?

Januari 2006, zilipotoka habari kwamba kiwanda cha bunduki za Winchester cha New Haven, jimbo la Connecticut, kinafungwa, simu ya karakana yangu hapa Arusha iliita kabla hata sijawasha jiko la chai. Alikuwa mzee mmoja, mwindaji bingwa mstaafu, ambaye Winchester yake nimeihudumia tangu enzi nashika tupa kwa kubahatisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Umesikia hayo ya Marekani? Sasa hii yangu si imeshakuwa yatima?"

Nilimwambia ailete tuiangalie. Bunduki ilikuwa haina tatizo lolote. Ila mtu akiwa na msiba humwambii akae nao nyumbani peke yake.

Kiwanda kilifungwa kweli tarehe 31 Machi mwaka huo. Waliokuwa wamebaki kazini hawakufika 200, mahali ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maelfu walikuwa wakipokezana zamu. Kampuni yenyewe ilianza 1866 chini ya Oliver Winchester, mtu aliyepata utajiri wake kwa kutengeneza mashati. Nawapenda sana kuwakumbusha hilo wale wanaolitamka jina lake kama la nabii.

Kule Marekani wenye bunduki walifanya kile ambacho ningetarajia: walikimbilia madukani. Model 94, ile ya kukoki kwa wenzo wa chini iliyobuniwa na John Browning, ilipanda bei ghafla. Watu wakanunua za mwisho kutoka New Haven na kuzifungia kabatini pamoja na maboksi yake, zisiguswe. Bunduki hiyo imetengenezwa kwa mamilioni, haiwezi kuadimika hivi karibuni, lakini msibani hakuna anayepiga hesabu.

Maoni yangu niliyompa mzee siku ile sijayabadilisha: kilio kilichelewa miaka 42.

Mwaka 1964 gharama za kuchonga chuma kwa mashine na kwa mkono zilikuwa zimeibana Winchester, ikabadilisha karibu kila kitu. Model 94 ikapewa bodi ya chuma cha aina nyingine, na baadhi ya pini za chuma kitupu zikageuka pini zenye uwazi ndani. Chuma kile hakishiki rangi ya buluu kama chuma cha kawaida. Fundi akikitumbukiza kwenye dawa zilezile anazotumia kila siku, kinatoka kimechakaa na mabakamabaka kama ngozi ya maboga. Mwenye bunduki anadhani fundi ndiye mbovu.

Model 70 iliumia zaidi. Hii ilianza 1936, na ndiyo inayotuhusu sisi huku, maana mwaka 1956 ilitoka ikiwa na risasi mpya ya .458 (kipenyo chake kwa inchi) iliyolengwa wanyama wakubwa wa Afrika. Kabla ya hapo, aliyetaka nguvu kubwa kabisa mbele ya tembo mara nyingi alitegemea bunduki ya mitutu miwili ya London, yenye bei ya gari. Winchester ikatoa nguvu inayokaribiana na hiyo ndani ya bunduki ya kawaida ya bolti, yaani chuma kinachosukumwa kwa mkono kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu, kwa bei ambayo idara ya wanyamapori iliweza kumnunulia askari wake. (Risasi zenyewe zilileta balaa mwanzoni. Baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda fupi, ikikaa kwenye joto inagandamana na haiwaki sawasawa. Baadaye walirekebisha, ila wazee hawasahau.)

Niliitoa bolti ya bunduki ya mzee, ambayo ni Model 70, nikaiweka kwenye kitambaa. Ubavuni pana ulimi mrefu wa chuma wenye ukucha mbele. Sisi karakanani tunauita kikucha. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, yaani kasha la risasi, kitako chake kinateleza chini ya kikucha na kushikwa hapohapo. Kuanzia hapo inakwenda inakovutwa mpaka itakapotupwa nje, hata ukiigeuza bunduki juu chini. Mwaka 1964 kikucha hiki kiliondolewa. Bolti mpya iliisukuma tu risasi mbele, ikaidaka mwishoni kabisa, bolti inapofungwa.

Kwa mtu anayelenga shabaha uwanjani tofauti hiyo ni ndogo. Sasa chukua mtu aliye kichakani, nyati aliyejeruhiwa anakuja, mikono inatetemeka. Anasukuma bolti nusu, anashituka, anairudisha nyuma, anasukuma tena. Kwa bolti ya kusukuma, risasi ya kwanza imebaki mbele bila kushikwa, na ya pili inakuja kuigonga mgongoni. Bunduki imekwama. Kwa kikucha, risasi ileile inarudi na bolti na kutupwa nje, nafasi inabaki kwa nyingine.

Ndiyo maana wanunuzi wanauliza namba kwanza. Model 70 yenye namba chini ya 700000 ni ya kabla ya mabadiliko, na bei yake huijua hata asiyejua kulenga. Kikucha kilirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini imani ikivunjika hairudi kwa skrubu.

Baada ya hapo ni historia ya kupokezana mzigo. Mgomo wa mwaka 1979 uliwachosha wenye mali, kampuni ya Olin, waliokuwa nayo tangu 1931. Mwaka 1981 wakakiuza kiwanda wakabaki na jina. Waliokinunua wakafilisika 1986, kikaishia mikononi mwa kampuni ya Wabelgiji ya Herstal. Kwa hiyo kile kilichofungwa 2006 kilikuwa mpangaji wa jina, na mwenye jina alikuwa hai, akiuza risasi zake kama kawaida. Leo Model 70 zinaunganishwa Ureno, na Model 94 hutengenezwa na kampuni ya Miroku ya Japani. Sehemu ya majengo ya New Haven imegeuzwa nyumba za kupangisha.

Kijana mmoja aliniletea ya Miroku akitaka nimwambie kama ni Winchester "kweli". Niliipima kwa kipimo cha unene, nikaangalia viungo kwa taa. Kazi safi, mbao na chuma vimekutana bila kupenyeza hata karatasi. Nimeona za New Haven za miaka ya mwisho zisizoufikia usafi huo. Nilimwambia hivyo. Hakufurahi. Alitaka nimwambie ya zamani ni bora, tulalamike pamoja.

Mzee naye hakutaka kusikia habari za Wajapani. Wasiwasi wake ulikuwa spea, na hapo alikuwa na haki. Vikucha na springi vya bunduki yake vinatengenezwa na mafundi wengine Marekani, lakini haviji vikiwa sawasawa, lazima uvipige tupa kidogokidogo mpaka vikae. Mwanafunzi wangu alipendekeza tuchonge kikucha kwa springi ya Land Rover. Nikamwambia siku atakayokwenda yeye mwenyewe mbele ya nyati, achonge.

Nilipoimaliza kuisafisha, mzee aliishika kwenye mwanga wa mlango akasoma polepole maandishi ya kwenye mtutu, New Haven, Conn., kana kwamba anahakiki cheti cha kuzaliwa. Nilimtolea kwenye kopo springi mbili za pini nilizokuwa nimezihifadhi. Akazifunga kwenye leso, akauliza bei. Nilimwambia achukue tu. Akaweka noti mezani, akaigandamiza kwa kikombe cha chai, akatoka.