Hausigeli wa kwenye filamu na mfanyakazi anayetambuliwa na sheria

Tarehe 16 Juni huadhimishwa nchini Uganda kama Siku ya Mtoto wa Afrika, na ndiyo tarehe ambayo mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Kwa kuwa siku hiyo inakaribia, na kwa kuwa malalamiko yanayoletwa mbele ya maafisa wa kazi yanaonyesha kwamba waajiri wengi wamejifunza namna ya kuishi na mfanyakazi wa nyumbani kutoka kwenye tamthilia za jioni na vichekesho vya kwenye simu, imeonekana inafaa kueleza jambo moja. Hausigeli wa kwenye filamu hupewa tabia, lafudhi na hata kabila, lakini ni nadra sana kupewa mkataba, siku ya mapumziko au tarehe ya mshahara.

Katika tamthilia hizo, ziwe zimetengenezwa Kampala, Lagos au Mumbai, yeye ama ni mwizi, ama ni mshamba asiyejua kufungua friji, ama ni yule anayemnyemelea baba mwenye nyumba. Kamera hukaa sebuleni. Msichana huingia na sinia, hupiga magoti, huambiwa neno moja, kisha hutoka, na hadithi huendelea kana kwamba hapakuwa na mtu. Mtazamaji haonyeshwi anapolala wala saa anayoamka, kwa hiyo hapati hata nafasi ya kujiuliza kama ni haki mtu mmoja kuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala kwa siku saba mfululizo. Hapo ndipo tabaka linapojengwa, na hujengeka bila mtu yeyote kutukanwa.

Suala la asili nalo lina sura yake hapa kwetu. Katika vibanda vya video, VJ, yaani msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti, anapoigeuza filamu ya kigeni kwa Kiganda, mtumishi wa Kikorea au wa Kihindi anaweza kupewa lafudhi ya mkoa fulani wa Uganda, na ukumbi mzima ukacheka. Msichana wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ndiye huumia zaidi kwa mizaha ya aina hiyo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inataka vipindi vinavyorushwa hewani visichochee chuki za kikabila, lakini upangaji wa filamu katika madaraja si kazi ya ofisi za kazi, na makala haya hayapendekezi filamu yoyote ifungiwe.

Nje ya nchi, rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mengi. Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, mwaka 1940, na aliipata kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani, huku usiku ule wa tuzo akiwa ameketi kwenye meza iliyotengwa na za waigizaji wenzake weupe. Miaka 26 baadaye, Ousmane Sembène wa Senegali aliigeuza kamera katika filamu yake La Noire de… Humo, Diouana anachukuliwa na familia ya Kifaransa mjini Dakar ili alee watoto, kisha anapelekwa Antibes, ambako anajikuta akipika, akifua na kusafisha, na Ufaransa aliyotamani kuiona inaishia dirishani. Mbele ya mwajiri hasemi karibu lolote. Mawazo yake tunayasikia sisi watazamaji, na mwenye nyumba hayasikii. Mshahara unapotolewa hatimaye, umechelewa mno, anaurudisha, na baadaye anajiua. Mzazi anayemwandaa binti yake kwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia au Falme za Kiarabu angefaa kuitazama, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba wakala ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Kuhusu jinsia, filamu humgeuza msichana kuwa mshawishi hata pale ambapo mwenye mamlaka, ufunguo na fedha ni mwanamume. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haisemi hivyo. Mwajiri anayemtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi au kwa vitisho amefanya unyanyasaji wa kingono, na mfanyakazi ana haki ya kulalamika kwa afisa wa kazi. Ni kweli kwamba wajibu wa kuweka hatua maalumu za kuzuia unyanyasaji huo umewekewa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25. Tafadhali hilo lisitafsiriwe kwamba mwenye mfanyakazi mmoja ameruhusiwa.

Mwaka 2014 ilisambaa video ya kamera iliyofichwa katika nyumba moja eneo la Kampala, ikimwonyesha yaya akimpiga mtoto mdogo kikatili, na mahakama ikamhukumu yaya huyo kifungo cha miaka minne. Kosa lile lilikuwa la mtu mmoja. Hata hivyo hadi leo wapo waajiri wanaoitaja kanda hiyo kama sababu ya kumfungia mfanyakazi geti siku ya Jumapili.

Kwa hiyo turudie. Nyumba ya mtu ni mahali pa kazi pindi anapoajiri. Kula mnachokula si mshahara. Mshahara hulipwa kwa fedha halali, kwa mfanyakazi mwenyewe, si kwa shangazi aliyemleta. Maelezo ya ajira kwa maandishi hutolewa ndani ya wiki 12 tangu kazi ianze. Saa za kawaida hazizidi 48 kwa wiki. Mapumziko ni saa 24 mfululizo baada ya siku sita za kazi. Na likizo ya malipo ni siku 7 kwa kila miezi minne ya utumishi. Kwa Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16, hata kama mtoto huyo ni jamaa aliyeletwa kutoka kijijini “kusaidia tu”. Pale ambapo Sheria ya Ajira haikutaja adhabu mahususi, faini ya kosa la kwanza hufikia pointi 24 za sarafu (kipimo cha faini katika sheria, kila pointi ikiwa shilingi 20,000), yaani shilingi 480,000, na kosa la pili hufikia shilingi 960,000.

Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kumwelekeza mlalamikaji, lakini kesi ya kipigo ni ya polisi na haisuluhishwi kwa soda na msamaha. Anayedai kuachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kufika ndani ya miezi mitatu tangu aachishwe, na iwapo afisa hajatoa uamuzi ndani ya siku 90, mlalamikaji anaweza kulifikisha shauri lake kwenye Mahakama ya Viwanda.