Mbwa Anayechechemea: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Asipolia, haumwi.
Mbwa wengi wenye maumivu ya muda mrefu hawatoi sauti. Wanaupunguzia uzito mguu unaouma, basi.

Dhana: Kichwa kikishuka, mguu uliotua ndio mbovu.
Ni kinyume. Mguu wa mbele ukiuma, mbwa huinua kichwa unapokanyaga. Hukishusha ule mzima unapotua. Ukiuma wa nyuma, tazama nyonga: upande mbovu hupanda zaidi. Hapa wengi hupotea, kwa sababu mguu wa nyuma wa kulia ukiuma sana, kichwa kinaweza kucheza kana kwamba ni wa mbele wa kulia. Kwa hiyo usihukumu kwa kichwa pekee.

Dhana: Mwachilie akimbie, utaona.
Mbio huficha. Kinachofichua ni mchakamchaka, maana miguu hutua miwili miwili kwa mshazari na kila mmoja hulinganishwa na mwenzake. Kwanza kagua vidole: mwiba, funza, kucha iliyopasuka. Kisha tafuta kabro au lami kavu, mita 10 hadi 15, asubuhi kabla haijachoma nyayo. Nyasi humeza hatua na vigae huteleza. Kamba iwe legevu, la sivyo unamshikia kichwa kile kile unachotaka kukitazama. Mpige video ya mwendo wa polepole akienda, akirudi na akipita kando, simu ikiwa usawa wa mwili wake. Mbwa wa ulinzi, ambao Nairobi wengi hushinda kibandani, warekodi wanapoinuka tu, kwa kuwa ukakamavu wa baridi yabisi hupungua wakishatembea kidogo.

Dhana: Hachechemei, basi miguu ni mizima.
Nyonga zote mbili zikiuma, hakuna upande wa kukimbilia. German Shepherd wa namna hii hufupisha hatua za nyuma na kusukuma uzito mbele, ambako kwa kawaida mbwa hubeba takriban asilimia 60.

Dhana: Mashine itataja ugonjwa.
Bamba la kupima nguvu, ambalo mbwa hulikanyaga akipita, huonyesha mguu upi unakwepa uzito, na kwa kiasi gani, mradi kasi isibadilike. Kama shida ni goti au kiwiko, hilo ni la mikono ya daktari na eksirei.

Dhana: Mpe kwanza dawa ya maumivu ya watu.
Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Tena, dawa yoyote ya maumivu ikifanya kazi, daktari atatazama mwendo uliokwisha kufunikwa.