Kujijeruhi kwa vijana: maana yake, na hali inapokuwa nzito

Kujijeruhi ni kuumiza mwili wako mwenyewe kwa makusudi. Mara nyingi kijana anayefanya hivyo hana nia ya kufa. Hasira, aibu au huzuni imemzidi, na maumivu ya mwili huituliza kwa muda. Wengine husema walikuwa kama wamekufa ganzi, wakatamani kuhisi chochote. Nafuu hiyo haidumu. Aibu hurudi, naye hurudia tena. Wengi huanza wakiwa na miaka kati ya 12 na 14.

"Anataka tu kuonekana." Kauli hiyo inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu wengi wa vijana hawa hujificha kwa bidii. Huvaa mikono mirefu siku ya joto kali, hukataa kuogelea, hujifungia chumbani au bafuni muda mrefu, na kila jeraha huwa na kisingizio. Dalili moja haithibitishi kitu. Zikikusanyika, kaa naye mzungumze.

Uzito wa hali haupimwi kwa ukubwa wa kidonda peke yake. Angalia kama anajijeruhi mara kwa mara, kwa njia zaidi ya moja, kama anahitaji kujiumiza zaidi ili apate nafuu ileile, au kama anatumia pombe na dawa za kulevya. Hata asiyetaka kufa leo, kujijeruhi kunaongeza hatari ya kujaribu kujiua baadaye. Kwa hiyo muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Damu isipokoma, akiwa amemeza dawa au sumu (hata akionekana mzima), au akisema anataka kufa, mpeleke hospitali mara moja wala asiachwe peke yake. Huko kidonda chake kinastahili sindano ya ganzi na upole kama cha mgonjwa mwingine yeyote. Akikaripiwa akiwa anashonwa, safari ijayo hatakuja.

Hakuna dawa maalumu ya kuponya kujijeruhi, ingawa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi unaoambatana nako hutibiwa. Tiba yenyewe hasa ni ya mazungumzo. Iliyochunguzwa zaidi ni ile aliyoibuni mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, ambayo baadaye ilirekebishwa iwafae vijana. Humfundisha kijana kuitambua hisia inapopanda, kuivumilia mpaka ishuke bila kujiumiza, na kuomba msaada mapema. Wazazi nao hujifunza pamoja naye. Inachukua miezi.

Nyumbani, dawa na vitu vyenye makali vifungiwe. Usimwapishe kwamba hatarudia, maana kiapo humfundisha kuficha vizuri zaidi. Akirudia, shughulikia kidonda kwanza bila kufoka, kisha muulize taratibu ni nini kilichotokea saa chache kabla, na umpelekee mtaalamu anayemtibu jibu hilo.